Mtoto atabaki na nani, munganga akienda kusoma?

Siku ya Posho iliyopita tuliitwa kwenye mkutano wa jamaa, kule Kadutu. Mwalimu haitwi sana kwenye mambo ya jamaa za watu. Lakini binti mwenyewe aliomba tuwe hapo, kwa sababu tulimfundisha tangu mwaka wa kwanza wa sekondari, wakati sisi wenyewe tulikuwa tumetoka ISP juzi juzi na chaki ilikuwa bado inatutetemesha mkono. Leo yeye ni munganga. Ana miaka 28, ana bwana, ana mtoto wa kike wa miezi 7. Na sasa amepata nafasi ya kwenda Kinshasa kusomea magonjwa ya akili kwa miaka 4, na kisha, Mungu akipenda, aandike teze.

Tulikuta viti vya plastiki vimepangwa kando ya ukuta. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chenye mikono. Kulikuwa na wababa wadogo wawili, shangazi, bwana wa binti, mama mzazi wa binti, na mama mkwe amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, mtoto mgongoni. Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa na amani: alikuwa amelala.

Shangazi ndiye aliyefungua mazungumzo. Aliuliza kama hakuna magonjwa mengine ya kusomea. "Kuna ya macho, kuna ya meno, kuna ya wamama wajawazito. Wewe umechagua wazimu?" Watu wakacheka. Baba mdogo mmoja akasema munganga ni munganga tayari, kazi anayo, masomo hayaishi, na mwanamke anayesoma sana mwishoni anasoma peke yake. Tulijibu kwa sauti ya darasani, na tunakiri hatukumshawishi mtu. Bwana wa binti alikuwa anatazama viatu vyake.

Ndipo mama mkwe, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo, akauliza: "Mtoto atabaki na nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua nani ataenda kuchota maji. Hakuna aliyejibu. Baba mkwe akasema tutarudiana juma lijalo, tukanywa fanta, tukaondoka.

Tangu siku hiyo swali hilo halijatutoka kichwani, wamama wapendwa, na ndiyo sababu tunaliandika hapa. Maana tunaona hotuba zote tulizozoea kusikia tarehe 8 Machi, zile za "msichana asome, msichana asome", zinafika mpaka kwenye diploma na kusimama pale. Hakuna hotuba tuliyosikia inayojibu swali la mama mkwe.

Njia ya kuwa munganga wamama wengi wanaijua, kwa sababu wamelipa minervali yake mwaka kwa mwaka. Njia inayoendelea baada ya hapo haijulikani sana mitaani. Munganga anayetaka kuwafundisha wanganga wengine na kufanya utafiti anaingia kwanza kama asistenti kwenye chuo kikuu. Anasomea ugonjwa mmoja kwa undani, miaka 4 ao 5, na mara nyingi mshahara wa maana hana, maana anahesabiwa mwanafunzi, hata kama usiku mzima yuko kwenye zamu ya hospitali. Anaandika makala katika magazeti ya wanganga. Anapanda kuwa shefu wa travo. Kisha inakuja teze: utafiti mkubwa anaoufanya mwenyewe, anauandika kitabu kizima, na kuutetea mbele ya maprofesa. Ni baada ya teze ndipo ataitwa profesa asosie, kisha profesa, na mwisho kabisa profesa ordineri.

Sasa pigeni hesabu. Binti anamaliza uganga akiwa na miaka 25 ao 26, kama vita ao migomo havikumchelewesha. Ngazi zote tulizotaja zinaangukia kati ya miaka 26 na 40. Ndiyo miaka hiyo hiyo ya mahari, ya mimba ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya wakwe kuzeeka na wadogo kuhitaji kulipiwa shule. Mwanamume naye anaoa na kupata watoto miaka hiyo, lakini watoto wake wana mama. Yeye akirudi usiku kutoka maktaba anaambiwa pole kwa kazi. Bibi yake akirudi saa hiyo hiyo anaulizwa alikuwa wapi.

Tuseme jambo moja ambalo halipunguzi heshima ya mtu. Munganga Denis Mukwege, wetu wa Panzi, alitetea teze yake Bruxelles mwaka 2015, juu ya fistula ya wamama. Alizaliwa mwaka 1955. Alikuwa na miaka 60, na sisi wote hapa Bukavu tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Hatukumsikia mtu akisema amechelewa. Lakini binti wa miaka 28 anaambiwa amechelewa, wakati asiye na haya kidogo anamwambia pia kwamba ana haraka.

Nchi yetu haikuanza na wanawake kwenye kozi hii. Lovanium, chuo kikuu cha kwanza Kinshasa, kilifunguliwa mwaka 1954. Mwanamke Mkongo wa kwanza kutoka hapo na diploma ni Sophie Kanza, mwaka 1964, na diploma yake ilikuwa ya sosiolojia. Miaka miwili baadaye alikuwa waziri. Tangu wakati ule wasichana wamejaa kwenye madarasa ya uganga, tunawaona kwa macho, tuliwafundisha wenyewe na mara nyingi ndio waliokuwa wa kwanza darasani. Lakini ukihudhuria sherehe ya kufungua mwaka wa masomo kwenye iniversite yoyote, angalia ile safu ya maprofesa wenye majoho inapopita. Hesabu wanawake. Vidole vya mkono mara nyingi vinatosha.

Mtu atasema: basi, na sisi tunaouza sokoni inatuhusu nini kama profesa ni mwanamke ao mwanamume? Inatuhusu kwa sababu ya vichwa vyetu.

Kuna utafiti uliofanywa hapa kwetu mashariki ya Kongo, uliochapishwa mwaka 2013 katika gazeti kubwa la wanganga la Marekani. Ulikuwa juu ya wamama waliobakwa wakati wa vita, ambao miaka ilipita na bado hawakulala usingizi, bado walistuka, bado walijilaumu. Watafiti walichagua vijiji kwa bahati nasibu. Katika vijiji 7, wamama 157 walikutana katika vikundi, mara 11 kwa jumla, wakijifunza kidogo kidogo kupambana na yale mawazo yanayowala: kwamba kosa lilikuwa lao, kwamba wao ni takataka. Mafundisho yalirahisishwa ili hata asiyejua kusoma aweze kuyashika kichwani. Katika vijiji 8, wamama 248 walipata msaada wa kawaida wa kusikilizwa mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya mafundisho kumalizika, katika vijiji vya vikundi wamama waliokuwa bado na dalili za huzuni nzito ao wasiwasi mkali walikuwa 9 kwa 100. Katika vijiji vingine walikuwa 42 kwa 100.

Someni tena hesabu hizo. Si dawa ya sindano, si mashine kutoka Ulaya. Ni wamama wameketi pamoja wakifuata njia iliyopangwa vizuri. Na waliowaongoza wale wamama ni nani? Ni wanawake Wakongo, wasaidizi ambao masharti yao ya masomo yalikuwa angalau miaka 4 baada ya shule ya msingi. Watu kama sisi na ninyi.

Na aliyeongoza utafiti ni nani? Ni mwanamke pia: Judith Bass, mwalimu wa chuo kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani, pamoja na wenzake, na kati ya hao wenzake kuna mwanamke mwingine, Debra Kaysen, aliyejua vizuri njia hiyo ya matibabu. Hatulalamiki juu yao. Walifanya kazi nzuri na tunawashukuru. Tunachosema ni hiki: juu kabisa ya ngazi kulikuwa na wanawake wa Marekani, chini kabisa kulikuwa na wanawake wa Kongo, na katikati ngazi ilikuwa karibu tupu. Mwanamke wa Walungu ao wa Kabare anayejua namna mama wa kwetu anavyosema ugonjwa huo hakuwa mahali pale maswali yanapoandikwa.

Na namna ya kusema ni jambo kubwa. Mama wa kwetu hasemi "nina ugonjwa wa akili". Anasema "niko na mawazo". Anasema kichwa kinachemka, moyo unapiga mbio, damu haitembei, usiku ni mrefu. Akiulizwa mbele ya bwana wake anasema niko muzima, asante. Mtafiti ambaye hajawahi kukaa kwenye jiko la kwetu ataandika "muzima" kwenye karatasi yake, na ile karatasi itaenda kuhesabiwa.

Mfano mwingine tunaupenda kwa sababu unatugusa sisi walimu. Espérance Kashala ni munganga Mkongo aliyesomea utafiti kule Bergen, Norwe. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha kazi juu ya watoto wa shule za msingi za Kinshasa, watoto zaidi ya elfu moja. Walifanyaje? Waliwapa walimu karatasi za maswali: mtoto huyu anaweza kutulia kwenye benchi? Anasahau vitu? Anamaliza kazi aliyoanza? Walikuta karibu watoto 6 kwa 100 wana dalili za ugonjwa wa kutotulia na kutoshika, ule ambao wengi wetu tunauita utundu na kuutibu kwa fimbo. Tuliposoma juu ya kazi hiyo kwa mara ya kwanza tulikumbuka majina ya watoto fulani tuliowahi kuwatoa inje ya darasa. Hatutayaandika hapa. Wengine wao leo ni wababa.

Munganga huyo hakuishia hapo. Alifanya utafiti pia kwa watoto wadogo wa Kahemba, katika Kwango, mahali ambapo ugonjwa wa konzo unapooza miguu ya watu. Neno konzo katika kiyaka ni miguu iliyofungwa. Unatoka kwenye muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, hasa mwaka wa njaa, wakati mama hawezi kungoja siku tatu. Walipopima akili za watoto, watafiti wa konzo wameona kwamba sumu ile haigusi miguu peke yake, inagusa hata uwezo wa mtoto wa kushika na kufikiri. Na kwa kuwa mko jikoni na habari hii, chukueni na dawa yake: unga wa muhogo mchungu ukichanganywa na maji, ukatandazwa mwembamba kwenye karai ao mkeka, masaa 2 kwenye jua ao masaa 5 kivulini, sumu iliyobaki inatoka na hewa kabla ya kupika bugali. Hiyo nayo ilitokana na utafiti. Mtu alikaa akapima.

Kwa upande wa wamama wanaozaa, shirika la afya la dunia, OMS, linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kwa 5 anapata ugonjwa wa akili baada ya kuzaa, na zaidi ni huzuni nzito. Mmoja kwa watano! Tukiwa 40 kwenye mkutano wa chama, mpige hesabu wenyewe. Na Bukavu tuna SOSAME ya kututunza, tuna wauguzi wenye moyo, lakini wanganga waliosomea akili katika nchi hii yote ni wachache mno, na wanawake kati yao ni wachache zaidi.

Katikati ya juma tulikwenda kumtembelea mama mkwe pale anapouza sambaza. Tulitaka kumshawishi, tuseme ukweli. Tulikuwa tumeandaa maneno. Hakutupa nafasi ya kuyasema. Aliendelea kupima sambaza kwa kikombe, akatuambia: "Mwalimu, ninyi mlifikiri nimekataa. Mimi niliuliza."

Kisha akatupa habari ambayo, alisema, hata wakwe zake hawaijui vizuri, na ametupa ruhusa tuiandike bila jina. Alikuwa na mdogo wake. Baada ya kuzaa mtoto wa pili, mdogo huyo alinyamaza. Hakulia, hakula, hakumtazama mtoto. Walimpeleka mahali pa maombi, wakamwacha kule majuma matatu, alipigwa na kufungwa kamba ili pepo atoke. Kwenye kituo cha afya walimpima malaria. Siku moja alitoka usiku na hakurudi. Mtoto yule wa pili alilelewa na mama mkwe huyu huyu, tena bila msaada wa mtu, na ndiye yule bwana aliyekuwa anatazama viatu vyake kwenye mkutano.

Tulikaa kimya. Mteja alikuja akanunua vikombe viwili, akaomba nyongeza, akapewa.

"Ninajua maana ya mtoto kubaki," alisema. "Ndiyo sababu niliuliza atabaki na nani. Siulizi ili asiende."

Kwa hiyo tuliacha maneno yetu, tukaketi kwenye jiwe, tukaanza kuhesabu naye.

Kwanza, sheria. Wamama wengi bado wanadhani bwana akikataa kutia sahihi, bibi hawezi kusafiri kusoma wala kufungua konti. Kanuni ya jamaa ya mwaka 1987 ndiyo iliyosema mwanamke aliyeolewa aombe ruhusa ya bwana. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Sasa wawili wanapashwa kupatana. Hatusemi mtu aende na sheria mkononi kwenye mkutano wa jamaa, ingekuwa mwisho wa mkutano. Lakini ni vizuri kila mtu ajue kwamba binti haombi ruhusa ya Leta, anaomba msaada wa jamaa.

Pili, siku za uzazi. Sheria ya kazi inampa mfanyakazi majuma 14 ya kupumzika, mpaka 6 kabla ya kuzaa na mpaka 8 baada, na theluthi mbili za mshahara. Akirudi, ana haki ya kunyonyesha mara mbili kwa siku, nusu saa kila mara, na saa hiyo inalipwa. Ni vizuri. Lakini sheria hiyo inamhusu mwenye mkataba wa kazi. Anayesoma, ao anayeishi kwa bursari, mara nyingi anajikuta hana mkataba wowote wa kuonyesha, na majuma yake 14 yanategemea moyo wa mkubwa wake. Hapo ndipo wanawake wengi wanapoteleza: wanaomba kupumzika kidogo, wanaambiwa haya, na wakirudi nafasi ina mtu mwingine.

Bursari zenyewe zipo. Kuna OWSD, shirika la wanawake wanasayansi lenye makao Trieste, Italia, linalolipia teze za wanawake wa nchi kama yetu wanaokubali kwenda kusoma katika nchi nyingine inayoendelea. Kuna ile ya L'Oréal na UNESCO kwa watafiti wanawake vijana wa Afrika. Wabelgiji wanasaidia vyuo vikuu vyetu kupitia ARES na VLIR-UOS. Binti anazijua zote, ameziandika kwenye kijitabu. Bursari nzuri inalipa ndege, vitabu, chumba. Lakini mkono wa kumbeba mtoto saa tisa ya usiku, wakati mama yake yuko kwenye zamu, huo unapaswa kutoka kwetu.

Basi hesabu yetu ya kwenye jiwe ilikuwa hivi. Mtoto hajaacha ziwa, kwa hiyo mwaka wa kwanza lazima awe karibu na mama yake. Kutoka Bukavu mpaka Kinshasa hakuna barabara ya kusema utapanda gari, ni ndege. Mtu wa kwenda na mtoto awe mtu mzima anayejua watoto, asiye na mimba, asiye na shule. Mama mkwe akasema: "Ni mimi." Alisema haraka sana, tukajua alikuwa ameliwaza tangu siku ile ya Posho, labda tangu kabla.

Lakini akienda yeye, nani atauza sambaza? Meza ile ndiyo inayolipa shule ya watoto wawili waliobaki nyumbani. Wateja wake ni wa miaka 11. Meza ikifungwa miezi 12, nafasi inachukuliwa, na madeni ya wateja yanasahaulika siku hiyo hiyo.

Hapo tuliona kazi ya chama chetu. Tuna likelemba, tuna MUSO, tunajua kuweka feza pamoja kwa ajili ya kilio, kwa ajili ya arusi, kwa ajili ya mabati. Hatujawahi kuweka zamu pamoja kwa ajili ya masomo ya mtu. Tulipendekeza kwa mama rais wa chama, naye akakubali tuulize hapa: wamama sita wanaoweza kushika meza ya sambaza, kila mmoja siku moja kwa juma, kwa mwaka mmoja. Mwenye zamu atapata sehemu ya faida ya siku yake. Hesabu itaandikwa kwenye daftari kila jioni, na sisi walimu tutaikagua kila mwisho wa mwezi. Si sadaka. Ni namna ya likelemba, lakini badala ya franga tunazungusha mikono.

Tulimweleza binti mpango huo. Alilia kidogo, kisha akauliza swali la kisomi: je, chama kiko tayari kufanya hivyo kwa msichana wa pili, na wa tatu, ao ni kwa ajili yake peke yake kwa sababu tunamjua? Hatukuwa na jibu. Tumeliweka kwenye ajenda.

Bwana wake naye alitusindikiza siku hiyo mpaka kwenye kona. Alisema kwamba yeye hakatai, ila wenzake kazini watamcheka, watasema bibi amemshinda, atabaki anajipikia. Tukamwambia kujipikia hakuui. Akacheka, lakini si sana. Anaandika barua ya kuomba ahamishwe Kinshasa mwaka wa pili. Hatujui kama watamkubalia.

Na baba mkwe? Mama mkwe alimweleza mpango wote usiku, polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na mimi nitakula kwa nani?" Mama mkwe anasema hapo ndipo walipofika.

Mkutano wa pili ni siku ya Posho hii, saa nane ya mchana, kwa yule yule baba mkwe. Wamama wanaotaka kushika zamu ya meza wajiandikishe kwa sekretari wa chama kabla ya siku ya tano. Awe anajua kupima kwa kikombe, awe anaweza kufika soko saa kumi na mbili ya asubuhi, na asiwe mtu wa kukopesha ovyo. Na kama kuna mama katika mtaa ule aliye tayari kupika chakula cha mtu mmoja zaidi, mzee asiyependa sombe yenye chumvi nyingi, naye tunamwomba ajiandikishe.